Simu ya Wanja Kwenye Droo

Jumamosi, 5 Aprili
Nimepalilia ndengu mpaka saa nne, jua likanifukuza. Simu imenikatalia tena. Programu ya benki inasema mfumo wa simu umezeeka, na kiwanda kimeacha kuusasisha. Kuna watu mtandaoni wanaowekea simu kuukuu mfumo mwingine. Nimetafuta yangu kwenye orodha yao. Haimo, ilifungwa kabisa kiwandani. Iliyomo ni ile ya mke wangu Wanja, aliyoiacha kwenye droo alipokwenda Uingereza kutunza wazee. Miaka miwili sasa.

Jumapili, 6 Aprili
Baada ya kanisa nimempigia Wanja kuomba ruhusa. Nikamweleza kwamba kuifungua simu ipokee mfumo mpya kunafuta kila kitu.
"Futa tu, Mwalimu. Sina kitu humo."
Upesi hivyo, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Imeniuma. Sikumwambia.

Jumanne, 8 Aprili
Embu mjini. Fundi Muriuki ameikagua simu, akasema nimechagua vizuri. Betri nzima, na mfumo wake unatunzwa na watu wengi.
"Lakini nakili vitu kwanza, Mwalimu. Halafu ufungue hiyo nakala uone. Usiiamini tu."
Nimenunua waya mpya. Nimefika nyumbani Ishiara nimelowa mvua.

Jumatano, 9 Aprili
Nimehamishia picha kwenye kompyuta. Wanja amevaa gambuti zangu za shambani. Wanja na mbuzi. Wanja akikasirika kwamba ninampiga picha.
Nilitaka kufuta leo leo. Kidole tayari. Nikamkumbuka Muriuki, nikahesabu. Simu ina rekodi za sauti ishirini na sita, kompyuta ina kumi na tisa. Saba zingepotea.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimezipata, zilikuwa kwenye folda nyingine. Nimezihamisha moja moja, nikazisikiliza.
Ni Wanja anajiandaa kwa usaili wa kazi. Anajibu kwa Kiingereza swali lile lile, kwa nini unaitaka kazi hii. Mara sita. Ya saba hajibu. Kuku wanasikika nje. Halafu anasema polepole, kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, kwamba hataki kwenda.
Nilikuwa nyumbani siku zile. Nikisahihisha mitihani chumba cha pili. Fomu za safari nilizijaza mimi.

Ijumaa, 11 Aprili
Wanja amepiga. Mwajiri anataka asaini miaka miwili mingine.
"Wewe unaonaje?"
Zamani ningesema saini. Nikamwambia nimesikia ile rekodi.
"Nilidhani niliifuta."
"Nyumba hii haikaliki, Wanja. Nataka urudi."
"Hujawahi kuniambia hivyo."
Ni kweli. Nilimwachia aseme yeye, naye alikuwa akingoja niseme mimi. Amesema atafikiria. Simu yake sijaigusa.

Jumapili, 13 Aprili
Ibada ya matawi ilikuwa ndefu. Nimerudi, nikafungua nakala zote kwenye kompyuta, zikafunguka. Ndipo nikafuta. Mfumo mpya umeingia kwa dakika ishirini hivi. Simu nyepesi, tupu, haina jina la mtu. Nikaingiza la Wanja na namba yake.
Jioni ujumbe wake umekuja. Amesaini miezi sita tu.
Nimefungua kalenda, nikasogeza mpaka Oktoba. Nikaitazama kidogo. Nikairudisha Aprili.