Oili Nyembamba Niliyoidharau

Ujiji, Jumapili jioni

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umetulia na baridi ya huko Singida haikusumbui. Macho ya mama yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Nilimtumia dada salamu kwamba siandiki kwa sababu kazi ni nyingi. Huo ulikuwa uongo. Ni aibu, Baba, na leo nimeona bora niimalize kwa kukuambia.

Unakumbuka gari la wagonjwa nililokusifia? Wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Kongo karibu kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatoa ufukweni wale walio hoi. Fundi wa gari hilo alikuwa mzee mmoja wa Uvira, Fundi Asumani, mkimbizi pia. Gereji yake aliiacha ng'ambo na funguo zikiwa ukutani. Shirika tunalolifanyia kazi lilimpatia kibali cha kufanya kazi mjini, akapanga chumba Buzebazeba na mkewe.

Gari lilikuja na oili yake ya sintetiki, na maelekezo kwamba imwagwe baada ya kilomita elfu kumi. Siku niliyoifungua mara ya kwanza niliipima kama ulivyonifundisha, kwa kidole gumba na cha shahada. Ikakimbia kama maji. Nikacheka mbele za watu, nikasema mimi ni mtoto wa fundi, na kwetu oili inayokimbia kidoleni hatuiwekei hata baiskeli. Fundi Asumani hakukasirika.

"Mwanangu, usiangalie uzito yake," alisema. "Hii mafuta inavumilia moto. Ile nzito ya dukani ni mzuri pia, lakini inachoka mbio. Ukitia ile, umwage mapema, elfu tano haifiki."

Nilimwitikia kwa kichwa tu. Nilijiona najua kuliko yeye, mimi mtoto wa gereji. Siku moja alipokwenda kumzika jamaa yake, nikamwaga oili yake, nikaweka ile nzito ya kawaida. Sikumwambia mtu. Kibandiko kinachosema oili imwagwe kwa kilomita elfu kumi nikakiacha palepale mlangoni mwa gari, na daftari la gari likaendelea kusema sintetiki. Injini ilipoanza kunguruma kwa utulivu nilifurahi kama mjinga.

Kwa vumbi la huku na mizigo tunayobeba, ile oili iligeuka uji mweusi kabla elfu kumi hazijafika. Siku moja tulikuwa tumepita Simbo, nyuma nina mama mjamzito mwenye uchungu, taa ya oili ikawaka. Nikajiambia tutafika. Hatukufika. Injini ilinoki mlimani, ikamwaga oili chini, ikafa. Wanaume wa pale walimbeba yule mama kwa machela mpaka wakapata gari la mfanyabiashara wa mahindi. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Hilo tu ndilo linaloniwezesha kulala.

Kwenye kikao mkuu wa magari aliuliza nani alihudumia injini. Daftari lilikuwa na saini ya Fundi Asumani. Watu wote wakamtazama yeye. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mzee alisema neno moja, kwamba hana la kusema, na wiki hiyohiyo kibali chake kikafutwa. Wakapakiwa kwenye lori, yeye na mkewe na godoro lao, wakarudishwa kambini.

Nilikaa kimya siku kumi na moja. Juzi nikaenda kwa mkuu, nikaeleza yote. Aliandika, akaninyang'anya ufunguo. Sasa nafagia karakana. Nilistahili zaidi. Lakini kibali kikishafutwa hakirudi kwa maneno yangu; inabidi mzee aombe upya, na wanaosubiri ni wengi.

Nisalimie mama, mwambie vitenge vyake vitachelewa. Msalimu dada na shemeji, na baba mdogo anayekusaidia gereji. Wale wanafunzi wako usiwaambie kwamba mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Waambie ukweli, na uwaambie na habari ya kibandiko, ili mmoja wao asije akafanya nilivyofanya.

Nilitaka kufunga hapa, ila kuna jambo nimelikwepa. Jana nilipanda lori nikamfuata Fundi Asumani kambini. Mkewe aliponiona aliingia ndani. Mzee alinipa kigoda. Nilipomaliza kukiri, akasema alijua tangu siku gari lilipokufa.

"Nilishika ile mafuta yenye ilimwagika chini ya gari," alisema. "Nikaona haikuwa yangu."

Nikamuuliza mbona basi alinyamaza kwenye kikao.

"Nilingojea wewe useme. Uliniambiaka wewe ni mtoto wa fundi, nikajua utasema."

Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, huyo baba yangu fundi anaitwa nani. Nilifungua mdomo, Baba, nikashindwa kutaja jina lako.

Ni mimi mwanao,
Elia