Kofia juu ya fuvu la babu

Mpendwa Shangazi Pauline, naomba unisaidie kwa sababu nimefikiria mpaka sijui tena ninachofikiria. Mimi ni karani wa mkataba katika ofisi ya nidhamu ya chuo kikuu kimoja cha umma huku Voi, na juzi mwanafunzi anayeitwa Kiema alitembea milimani, akaingia pango ambamo ukoo wetu sisi Wadawida, yaani Wataita, uliweka mafuvu ya wazee tangu zamani, akalivisha fuvu moja kofia yake, akapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la chuo akiandika, "Wataita wenye akili ndio hawa, waliobaki bado wanatafuta." Nilikasirika, Shangazi, kwani huenda yule ni babu yangu, lakini wanafunzi wengi walicheka na wengine wakasema ana uhuru wa kusema, na mimi nilifundishwa darasani kwamba uhuru huo ni wa kila mtu, hata anayeniudhi, sasa mbona unanichoma hivi?

Halafu mkuu wangu, Bwana Thadeus, ambaye pia ni Mdawida, akaniita. "Mkamburi, andika kwenye ripoti ya kamati ya nidhamu kwamba alitishia kutudhuru. Tusi peke yake halitamfukuza." Nikamwambia sikuona tishio. Akacheka, "Kwani wewe ni wa wapi siku hizi?" Yeye ndiye anayependekeza mkataba wangu uendelee. Mjomba naye amepiga simu kusema nisipotia sahihi ripoti hiyo nisikanyage kwake. Nikitia, Kiema anafukuzwa kwa jambo ambalo hakufanya. Nisipotia, nimewauza wazee wangu. Au ninamtetea mtu asiyestahili?

Mkamburi, Voi

Mkamburi mwanangu, pole. Una haki ya kuumia, na huhitaji ruhusa ya darasa lolote.

Lakini acha kusema unamtetea Kiema. Unakataa kusema uongo, basi. Aliyoandika ni upuzi wa kijana asiye na adabu, na Katiba haimzibi mtu mdomo kwa kukosa adabu. Kama maneno yale yanafikia uchochezi au chuki ya kikabila, kamati iyasome yalivyo na iamue, bila kuongezewa chumvi na ofisi yenu. Na kuligusa fuvu si maoni, ni kitendo. Ajabu ni kwamba nyote mmeng'ang'ana na maneno, hilo hakuna aliyeliandika.

Kwa hiyo andika wewe. Picha, kofia, pango, maneno yake neno kwa neno, kisha utie sahihi hapo. Mpe Bwana Thadeus, na nakala umpe katibu wa kamati siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Mkataba unaweza kupotea, sitakudanganya. Lakini karani aliyeandika tishio la kubuni ataitwa kulieleza, na mkuu wako hatakuwa kando yako.

Mjomba mpigie kabla hajasikia kwa watu. Mwombe wazee wa ukoo wamwite Kiema, wamwambie ana kwa ana alichokosea na kinachopaswa kufanywa pangoni. Mjomba atakasirika na atasema mengi. Msikilize mpaka amalize, naye ana uhuru wa kusema. Lakini sahihi ni yako.