Shingo ya Baba Haigeuki

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila mkono wa kushoto unaingia ganzi, nitakueleza. Baba anaendeleaje? Na kiti chako cha kunyolea?

Video uliyonitumia nimeiona, sikuimaliza. Umemshika yule bwana kidevu, ukamzungusha kichwa kama unafungua chupa, shingo ikaalika kaa! na watu nyuma wakashangilia. Chai yangu nimeimwaga. Na lile taulo, mdogo wangu! Limekuwa rangi ya maji ya mtaro, linatoka shingoni mwa huyu linakwenda kwa yule, na jasho lake na mba zake. Nilinawa mikono kana kwamba nimelishika mimi.

Sasa sikiliza. Kwa sababu ya hii ganzi, wenzangu wa eksirei hapa hospitalini wamenipiga picha ya mifupa, mimi mpiga picha mwenzao. Shingo ya mtu ina pingili saba. Kwangu, ya pili na ya tatu zimeungana, kama mikate miwili iliyogandana tanuruni. Nimezaliwa hivyo. Daktari anasema si ugonjwa, ni maumbile tu, wapo watu wanaishi nayo mpaka wanakufa bila kujua. Lakini palipoungana hapapindi, kwa hiyo pingili ya chini yake inafanya kazi ya jirani, inalegea, na uti wa mgongo umepita humo humo ndani. Mtu akiizungusha kwa nguvu anaweza kukupoozesha.

Tena huenda ni ya ukoo. Mwangalie Baba: ukimwita kutoka nyuma anageuka mzima mzima kama kabati. Mpeleke akapigwe picha. Na shingo yake usiiguse.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na pole na huo mkono.

Wewe na kinyaa mlizaliwa pacha. Tangu tuko nyumbani, ukikuta unywele kwenye sabuni siku hiyo huogi. Taulo nitafua, haya. Lakini kualisha shingo ndiko kunakoniletea watu. Kunyoa kila mtu ananyoa. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mwenzangu, wanamwita Fundi Shingo. Nikiacha mimi, atawazoa wote.

Nimemsomea Baba ujumbe wako. Amecheka mpaka akapaliwa. "Mwambie dada yako shingo hii imebeba magunia kabla yeye hajajua kushika kijiko." Picha hataki. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, anataka nimwalishe. Nimemwambia asubiri. Unamjua, neno "subiri" kwake ni tusi.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Mimi sina raha. Kichwa hicho cha kila asubuhi ndicho kinachonitisha. Usimguse. Akikutukana, kubali kutukanwa. Nimeomba ruhusa kazini nije nimpeleke mwenyewe, bado sijajibiwa. Nakusihi sana.

Dada yako

20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Juzi kwenye simu nilikuambia tu Baba yuko wodini, nikakata. Acha niandike.

Jumapili alikaa kwenye kiti changu, akasema, "Leo unialishe, au wewe si mwanangu." Nikamshika kidevu. Dada, nimeshika shingo za watu wengi, lakini hii ilikuwa kisiki. Haikuwa na pa kwenda. Mikono yangu mwenyewe ikanitia kinyaa, nikaitoa. Nikamwambia, "Baba, siwezi." Akasimama. "Kumbe nimezaa mwoga." Akavuka barabara.

Nilikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Nikasema namaliza huyu, namfuata. Mlio nikausikia kutoka ng'ambo. Wakashangilia. Kisha kimya.

Nilimkuta sakafuni, uso kwenye nywele za watu, zimemgandia mdomoni. Amejikojolea. Macho yanahangaika, mwili umelala. Na Fundi Shingo anafagia, Dada, anafagia kumzunguka, anasema, "Kateleza mwenyewe." Wengine wameinua simu wanarekodi. Zile nywele nilimtoa mdomoni kwa kidole changu.

Picha imeonyesha ulivyosema: pingili mbili ni moja, na ya chini yake imeteleza ikabana uti. Wamempasua, wamemvalisha kola ngumu. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukunja. Miguu bado.

Kesho yake nilipita kufunga duka. Kiti cha Fundi Shingo kina foleni. Sura zilezile! Nikatapika kwenye mtaro mbele yao, sikuona hata haya.

Yote hayo nayaweza. Nisiyoyaweza ni ya Baba. Jana namlisha, akanitemea supu usoni. Akasema polepole, maana sauti haijarudi vizuri, "Ungefanya wewe, ungenivunja kwa upole." Hajanisemesha tena. Nimjibu nini?

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, naijua.

Picha ya Baba uliyonitumia nimeiweka kazini kwenye kioo chenye taa cha kusomea picha, kando ya yangu. Ni mfupa mmoja, kama tumegawana. Nilijitahidi kuitazama kama mtu wa kazi, nikashindwa. Mwenzangu akadhani nimechafuka roho kwa sababu ya jeraha. Ni ule ufagio, mdogo wangu. Kila nikifumba macho nauona.

Wewe usimjibu Baba. Nitamwambia mimi: shingo ile haina kuvunjwa kwa upole. Ya kwako ndiyo mikono pekee katika mtaa mzima iliyojua kusimama. Anakutemea wewe kwa kuwa uko karibu; yule mwingine hawezi hata kumnyooshea kidole.

Kesho, kabla ya kwenda wodini, pitia eksirei wakupige picha yako. Damu ni moja. Usinijibu kwa mzaha.

Ruhusa wamekataa. Nimewaachia kazi yao na funguo mezani. Nafika Jumamosi asubuhi. Nikifika, nenda ukalale. Kumlisha ni zamu yangu. Akitaka kutema, anitemee mimi.

Dada yako