Kioo Kilichogeuzwa Ukutani

Furaha mjukuu wangu,

Hapa Likasi tuko, baba yako anakusalimia. Mvua imeanza, mahindi yameota nyuma ya nyumba.

Unasema hospitali ya huko Lusaka inataka uwaambie unajisikiaje tangu upasuliwe mgongo, na wewe hujui ujibu nini, maana picha inaonyesha umenyooka.

Nilipokuwa msichana wa umri wako, mama alinipeleka kwa fundi cherehani kujaribu blauzi ya Noeli. Bega langu moja lilikuwa chini, fundi akawa ameshonea kitambaa ndani ili mabega yalingane. Mama akatazama kioo, akasema, "Iko muzuri."

Fundi akageuza kioo kikatazama ukuta. Akaniambia niiname, niinue mikono. "Sasa weye mwenyewe, unasikia namna gani?"

"Inanibana kwapani."

Mama akanikazia macho, lakini fundi alishachukua mkasi, anafumua.

Waambie vile unavyosikia, hata kama picha ni nzuri.

Nami bibi yako, ukimuuliza baba yako habari zangu, atakuambia Kambo iko muzuri. Ananitazama tu, hajaniuliza. Tangu uende, bado ninasonga bukari, ugali wetu, ya watu watatu.

Kambo yako