Risiti ya Mashine ya Kufulia

Bi Mpangilio, binti yangu,

Nimeishia faili la kumi na nne, na kazini wananisubiri. Kompyuta nimeiacha inawaka, usiizime.

Asubuhi mashine ya kufulia imegoma na suruali zangu zikiwa ndani. Waranti inaisha kesho, na dukani hawataki maneno, wanataka risiti. Nikaingia kwenye programu ninayowekea hesabu za matumizi ya nyumbani, nikabofya muamala wa mashine. Faili la risiti halipo. Nikajaribu la gesi, halipo. La dawa, halipo. Ndipo mama yako akasema, bila hata kugeuka, "Jana mwanao aliifanyia usafi kompyuta."

Mwanangu, programu huzitafuta risiti kwa majina niliyozipa mimi. Wewe umezibatiza upya zote: "kitu cha jikoni", "kitu kingine cha jikoni". Majina mazuri, siwezi kukataa, ila ikabidi nifungue moja moja.

~~Usiguse tena chochote humo.~~

Nimeikata hiyo. Naomba uguse, maana la kumi na nne umeliita "Baba asione", na nimelifungua kabla sijasoma jina. Nimelifunga haraka, lakini si haraka ya kutosha.

Basi itafute wewe risiti ya mashine, uichapishe, niikute hapa jioni. Nyingine tutaziunganisha na miamala yake kesho. Wewe utatazama kompyuta, mimi nitatazama dirisha.

Suruali zitoe majini.

Baba

Mguu wangu ni namba arobaini na nne, si arobaini na tano. Nasema tu.