Wimbo wa Baba Wanauchezea Viuno

Temeke, Jumatatu

Dada Asumini,

Shikamoo. Magoti ya mama yanaendeleaje, na mvua zimeshawafikia huko Masasi? Mie mwili mzima, ila roho imenichafuka. Ningekupigia simu, lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo.

Unaukumbuka ule wimbo niliotunga baada ya kisima kumfukia baba, "Kashuka baba, hajapanda". Miaka yote hii nimeupiga kwenye baa na kumbi za huku, mie na gitaa langu tu, taratibu, ile miziki ya majonzi ambayo watu wa hapa wanaiita bluzi. Walikuwaga wananyamaza kunisikiliza.

Mwezi uliopita prodyuza mmoja wa Kinondoni akaniita studio tuurekodi. Nilifurahi, dada. Tangu nije mjini hakuna aliyewahi kunirekodi. Wiki mbili baadaye nimekaa kwa kinyozi, nikasikia sauti yangu redioni. Wameikimbiza kwa ngoma za singeli, maneno yote wametupa, wamebakiza "kashuka, kashuka, kashuka". Kinyozi akaniambia, "Huu ndio unaobamba, braza. Ikifika hapo watu wanashuka mpaka chini." Akanionyesha kwa kiuno, mashine mkononi.

Nikamfuata prodyuza. "Ule ni msiba wa baba yangu," nikamwambia.

Hakuinua hata macho kwenye kompyuta. "Msiba haubambi, mzee. Jumamosi mchana una shoo. Njoo na gitaa, ila usilichomeke. Muziki tutaupiga wenyewe."

Hapo ndipo ninapojichukia, dada, maana nilikwenda. Nilitamani jukwaa kubwa. Nikasimama mbele ya uwanja mzima na gitaa lisilolia, natabasamu, watu wazima wanachuchumaa na kunyanyuka, wanacheka. Waliporudia mara ya tatu nikamwona baba anavyotolewa, mdomo umejaa udongo. Nikashika maiki. "Aliyeshuka ni baba yangu. Kisima kilimfukia." Wakashangilia, wakidhani ndio wimbo wenyewe. Nikateremka, nikaondoka.

Jana nilikwenda kupiga huko Wazo, kwenye baa ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Nikaupiga kama zamani, wote, mwanzo mpaka mwisho. Mtu mmoja akanifuata, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, wimbo wa watu huo. Mbona unauharibu?"

Tafadhali mwambie mama wewe mwenyewe, kabla hajausikia kwenye simu za majirani. Usimfiche kwamba nilipanda jukwaani.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi wa Nachingwea akija. Mjomba, yule aliyeingia kisimani kumtoa baba, nisalimie sana. Yeye usimwambie kitu.

Mimi mdogo wako,
Salumu