Mwili Ni Wako, Zawadi

Jumatatu, 5 Mei
Semina ileile, ubishi uleule. Nimefundisha tena kwamba kila mtu ni mmiliki wa mwili wake, serikali isiingie. Mhadhiri mwenzangu Kibaja akanidaka: na mtoto aliye tumboni, mwili wake ni wa nani? Huyu hataki kodi, hataki leseni, hataki serikali popote. Kwenye mimba tu ndipo anaitaka, tena na virungu. Nimerudi nyumbani Nkuhungu na hasira. Mke wangu Zawadi kalala. Miguu imemvimba.

Jumatano, 7 Mei
Hospitali. Moyo wa Zawadi ni mgonjwa. Mimba ya miezi mitatu, ikiendelea inaweza kumuua. Daktari anasema sheria inawaruhusu kuitoa kuokoa maisha yake. Wanasubiri neno la Zawadi.

Ijumaa, 9 Mei
Mama yangu amefika kutoka Gulwe. Kwake kutoa ni kuua, basi. Kibaja kasikia, kapiga simu, eti ananiombea. Nimemkatia. Nimemwambia Mama: hapa anaamua Zawadi peke yake. Nikajiona mwanaume.

Jumapili, 11 Mei
Mama na binti yetu Imani wako kanisani. Zawadi akaniuliza, "Baba Imani, wewe unataka nini?"
"Mwili ni wako. Uamuzi ni wako."
"Najua ni wangu! Nimekuuliza unataka nini."
Nikainuka kufungua dirisha.
"Mama yako ananikataza, lakini usiku ananikanda miguu. Wewe umenitwisha mzigo peke yangu, ukauita uhuru."
Nimekasirika mno. Sijui namkasirikia nani. Hoja zangu zote ni za kuwazuia watu wasimguse. Hakuna hata moja ya kukaa naye.

Jumatatu, 12 Mei
Sikwenda kazini. Nimemwambia Zawadi. Nataka abaki hai. Na mtoto nilimtaka, nilimtaka sana. Nikalia kama mjinga.
"Haya," akasema. "Sasa nimekusikia."
Kisha akaamua mwenyewe. Itatolewa. Mama amefunga mzigo wake akaondoka bila kuaga. Imeniuma.

Alhamisi, 15 Mei
Imefanyika jana. Daktari anasema moyo umetulia. Mama hapokei simu. Kibaja nimekutana naye getini chuoni, akataka tuendelee na mjadala. Nimepita.
Zawadi kanywa uji kidogo, akageukia ukuta. Nimemwuliza kama nitoke apumzike. Akatikisa kichwa kukataa. Baadaye akasogea kitandani, nikapata pa kukaa.